Gari la Jared Lililolala Pakavu

Umewahi kuliwashia gari jiko ili lisipate baridi? Mimi nimewahi. Nilifanya hivyo mvua yote ya El Niño, hapa kwetu Rangwe, na mpaka leo mtu akianza kusifu magari mbele yangu mimi huinuka nikaangalie kuku.

Gari lenyewe halikuwa kama haya mnayopanda. Lilikuwa nyumba. Ndani mlikuwa na kitanda cha kukunja na godoro la sponji, sinki ndogo kama bakuli, meza ya kufungua, na mapazia yenye maua ya njano. Wazungu wawili wazee, mume na mke, walikuwa wakizunguka nalo Afrika, na Jared, mtoto wangu wa kwanza, ndiye aliyewaonyesha njia. Injini ikawafia karibu na Migori. Walichoka, wakapanda ndege kwenda kwao, wakamwachia. Jared akalivuta kwa trekta mpaka nyumbani, akaliegesha karibu na lango, pale pale mtoto wa kwanza anapojenga simba, yaani nyumba yake ya ujana.

"Mama, mimi narudi kazini Mombasa," akaniambia. "Nitakuja kuitengeneza. Usiache unyevu uikule."

Akanifundisha. Magogo chini ya ekseli ili matairi yasizame kwenye matope. Turubai juu, lifungwe kwa kamba za katani, si za nailoni, kwa sababu nailoni huteleza. Jua likichungulia, madirisha yafunguliwe kidogo. Jiko liwake nje kwanza mpaka makaa yote yawe mekundu na moshi uishe, ndipo liingizwe, na mlango ubaki wazi, nisije nikafia humo. Langu mwenyewe nililoongeza ni karai la makaa makavu chini ya kitanda, maana makaa hunywa unyevu. Yakilowa, nayarudisha mekoni yakauke.

"Nikuletee nini kutoka Mombasa?" akauliza, begi liko begani.

"Rudi salama tu," nikasema. Kila alipouliza, jibu langu lilikuwa hilo hilo.

Sasa, kwetu Wajaluo mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Frankline, mdogo wa Jared, alikuwa amepanga chumba kule sokoni na mke wake Trizah na mtoto mchanga, ukuta mmoja na wanywaji wa chang'aa. Alipoliona gari karibu na lango akafurahi, akamwendea baba yake mdogo, Onyango. Mume wangu alikuwa amefariki, kwa hiyo Onyango ndiye aliyekuwa akisema ni nini kinafaa katika boma letu.

"Baba, Jared ana nyumba sasa," Frankline akasema. "Niruhusu nami nijenge."

Onyango akalizunguka gari, akagonga tairi kwa ncha ya mwavuli wake. "Umeona wapi nyumba ikivaa viatu? Hii ni gari. Jared hajajenga. Ngoja."

Frankline akarudi sokoni. Nilidhani Jared atakuja Krismasi na mambo yatanyooka.

Hakuja. Mvua ndiyo iliyokuja. Ilianza kama mvua yetu ya kawaida ya vuli, kisha ikakataa kuondoka. Njia ya Kosele ikakatika, viazi vikaoza ardhini. Nyasi za paa langu zilikuwa za zamani. Niliweka sufuria hapa, beseni pale, nikahamisha kitanda kona hii, kisha ile, mpaka kona zikaisha. Turubai lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa juu ya gari.

Siku moja nikiwa napepeta mtama, ukuta wa nyuma ukalala chini taratibu, kama ng'ombe mzee anayepumzika. Sikuumia. Nikachukua blanketi na Biblia, nikahamia katika kibanda cha kupikia pamoja na kuku. Huko nako maji yalipita chini ya mlango.

Trizah alikuja kuniona, mtoto mgongoni, viatu mkononi. Alinikuta nimebeba jiko naliingiza garini.

"Mama, unapeleka moto wapi?"

"Kwa gari. Godoro limeanza kunuka."

"Na wewe je? Hunuki?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akagusa nguo yangu, akaikamua, maji yakatoka. "Mama, lala humu. Ni pakavu. Nani atakuona?"

Kabla sijajibu, Onyango akatokea langoni na mwavuli wake. Huyo mtu alikuwa na masikio.

"Nyar Kosele," akaniita, yaani binti wa Kosele, kwetu nilikozaliwa. "Usithubutu. Mama halali katika nyumba ya mtoto wake. Ni mwiko. Unataka kumwua kijana?"

"Si ulisema ni gari, baba?" Trizah akauliza.

"Ina kitanda, ina mlango, ina jiko. Hiyo ni nyumba."

"Ala! Jua likiwaka ni gari, mvua ikinyesha ni nyumba?"

"Mwanamke mwenye mdomo hivi hata nyumba ya mawe haimfai," Onyango akasema, akaenda zake.

Nilisubiri makaa yafifie, nikafuta jasho la madirisha kwa kitambaa, nikatoka. Ndivyo nilivyofanya mvua yote. Naingia pakavu napasha joto, kisha narudi kwa kuku. Nikaanza kukohoa, na kikohozi hicho bado ninacho.

Jared alikuja barabara zilipokauka. Alikuja na trekta, na mtu wa Kisii aitwaye Nyamweya, aliyetaka kununua gari la kuuzia chipsi. Wakaingia. Nilimsikia Nyamweya akipiga godoro kwa kiganja.

"Kavu kabisa! Hata kutu hakuna!"

"Mama yangu huyo," Jared akasema, akatoka akanikumbatia. Hapo ndipo akauona ukuta. "Mama! Ulikuwa unalala wapi?"

"Jikoni."

"Si ungelala tu kwa gari! Mambo ya miiko mimi siyajali."

"Hukuniambia," nikasema.

Nyamweya akasita. Alikuwa amesikia kwamba Wajaluo hawauzi nyumba ya mtu bomani. Akamgeukia Onyango, "Mzee, hii si simba ya kijana? Isije ikaniletea shida."

"Simba gani!" Onyango akacheka, akagonga tairi kwa mwavuli. "Hii ni gari. Imekuwa gari tangu siku ile ya kwanza."

Trizah akatema mate chini. Frankline akageuka, akashika njia ya sokoni. Mkubwa hakuwa amejenga, na sasa hata gari lilikuwa likiondoka.

Wakang'oa magogo. Turubai wakalikunja, wakalitia ndani. Trekta likavuta, na pale gari lilipokuwa pakabaki mraba wa udongo mkavu, mweupe kama unga, katikati ya boma lililokuwa bado limejaa matope.

Jared akapanda ubavuni mwa dereva, akainama kuniaga. "Haya mama, safari hii nikuletee nini kutoka Mombasa?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema lile jibu la siku zote. Nikautazama ule udongo mkavu.

"Nilitaka kulala pakavu, Jared," nikamwambia. "Hicho tu."