Misambi wa Shimo la Saba

...na bado nyasi zinang'aa, zinang'aa bila haya, mvua mbili tu za kwanza na uwanja mzima wa gofu umeshavaa kijani, kijani cha matapishi, Upendo akawaza, huku nje ya uzio Gitega yote inangoja jani la kwanza la maharage, "Vuta basi, we," Salima akamwambia kutoka ncha ya pili ya kamba, "iko inalegea, maji haitoki," wakaiburuta tena kamba juu ya nyasi fupi kuzunguka bendera ya saba, kukung'uta maji ya mvua, matone yakaruka, na mbawa za kumbikumbi nazo zikaruka, maelfu, zikamganda miguuni kama magamba ya samaki, na pale kando ya bwawa misambi watatu, korongo wale wenye taji, taji zimelowa matope, mmoja shingo ameikunjia kifuani kama amelala, mainzi yameshamfika machoni... na Fabiano, mkuu wa bustani, chini ya mwavuli wake, hawatazami kabisa, "Bon, wageni ba Tanzania banafika saa tisa, bakiuliza juu ya hizi ndege, we ndio utajibu, uko na Kiswahili ya kwao, ile safi, sema ni radi," radi, eti radi, radi gani hiyo inayochagua ndege watatu na kumwacha mtu mwenye mwavuli wa chuma, uso mkavu kama sahani, na alikuwepo dawa ya mchwa ilipomwagwa, kumbikumbi wakatoka humohumo kwenye dawa, misambi wakawala... mwaka ule waliorudi kutoka kambini Tanzania mama yake, Anisia, alisimama ukingoni mwa bonde la Gashoho, godoro bado kichwani, misambi wanacheza majini, akasema hawa hawakukimbia, kisha akalia, na sasa mtu anataka aseme radi, haya, hoja ya kwanza, mkuu alijua, hoja ya pili, mkuu aliamuru, hoja ya tatu... ya tatu ikamkwama, kwa sababu Jumatatu, pale stoo, Salima alisema polepole, "Mi naona dawa tungojee, mvua ya kwanza kumbikumbi inatoka, na ndege inakuja kuikula," na nani aliyeruka, nani aliyeweka mkono kiunoni kama yuko kwenye mdahalo chuoni, "Ushahidi uko wapi, dada Salima, au ndege wamekuonyesha kalenda?" wafanyakazi wakacheka, Fabiano akapiga makofi, eti mademoiselle ameshinda, na jioni ileile aliyebebeshwa bomba la dawa mgongoni ni Salima, na leo tangu asubuhi Salima ni vuta, vuta tu, afadhali angemtukana, ulimi huu, Upendo akausikia mdomoni mzito kama kitu cha mtu mwingine, ulimi wa kushinda, hata hakuwa na maoni juu ya mchwa, alitaka kushinda tu... na kule mtaroni, nje ya uzio, wanawake wawili wa njia ya Makebuko wameinama na mabeseni yao, wanazoa kumbikumbi walioletwa na maji, wanapuliza mbawa, watawakaanga kwa chumvi, watoto watagombea, amewaona tangu asubuhi na hakuwaona, "Bale ni bafukuze tu, banaharibu sura," Fabiano akasema, akatazama saa, "Alors? Utasema?" na maneno ya Upendo, yale safi, hayakuja, yakaja mengine, ya Kirundi, kile Kirundi chake cha kambini alichokificha tangu siku ya kwanza chuoni wasimcheke, machache, hayana hoja, msile, mwageni, mimi ndiye niliyetaka dawa imwagwe, akayapanga tena, wacha wacheke, hatua arobaini mpaka mtaroni, mwanamke mmoja ameshajitwika beseni, "Vuta, we," Salima akasema, kamba ikakaza, na vidole vya Upendo, kimoja kimoja, vikaanza kuiachia...