Kiu ya Kimondo

Mimi ni fundi bomba. Shule niliacha mapema, na mgongo ukaniacha mimi nilipopita miaka arobaini. Ndiyo maana mwaka 1968 asubuhi zangu nilizimalizia kwenye Simu ya Mtaa, kituo cha kuwasaidia vijana waliotoroka makwao, chumba cha chini cha nyumba kuukuu pale Haight, San Francisco, nikipokea simu pamoja na vijana wenye nywele ndefu kuliko za dada zangu. Nilikuja kuzibua sinki lao. Hawakuwa na hela, wakanipa supu ya dengu na kiti. Kiti kilikuwa kizuri, nikabaki.

Watu walipiga kuuliza pa kulala, chakula cha bure, wakili, daktari asiye na maswali mengi, gari la kwenda Oregon. Wazazi nao walipiga. Kwa wazazi tulikuwa na sheria moja: hatusemi. Hata kama mtoto amekaa mbele yako anatafuna mkate, unajibu, "Tukimwona tutampa ujumbe wako." Halafu unampa ujumbe, na yeye ndiye anaamua. Tungeanza kusema, hakuna mtoto ambaye angekanyaga pale tena. Wangelala bustanini na kuangukia mikononi mwa washenzi. Sheria ilikuwa nzuri, na hadi leo naitetea.

Siku hiyo alipiga mama mmoja kutoka Kansas, Bi Amsler. Alikuwa anamtafuta mwanawe Dwight, miaka kumi na saba.

"Ana kisukari, bwana. Bila sindano atakufa. Dawa aliyoondoka nayo itakuwa imeisha sasa."

"Tukimwona tutampa ujumbe wako."

"Usinisomee hayo! Nisikilize. Ikimwishia anakunywa maji kama ng'ombe. Anakojoa usiku kucha. Halafu anatapika, anapumua kwa nguvu, na mdomo unamnuka matunda yaliyoanza kuoza. Ukiona hivyo usingoje kesho."

Nilichukua namba yake, nikamweleza Roslyn, binti aliyesimamia zamu. Hata hakuinua kichwa.

"Mzee Orval, wiki hii peke yake wazazi wamedai bibi watatu wamekufa. Juzi kuna baba kapata kansa, na jioni yake tukamwona hapo nje anachungulia dirishani, mzima kama farasi. Wote wanasema ugonjwa."

"Mwongo angelia," nikamwambia. "Huyu ameniambia habari za mkojo."

"Basi Dwight akija tutampa ujumbe."

"Akija na miguu ipi, binti? Si nimekwambia anakufa?"

Hapo aliinua kichwa. Tatizo likawa jina. Mtaani kwetu hakuna aliyeitwa Dwight. Walijiita Mto, Mwerezi, Malaika. Kuuliza sura nako kulikuwa kazi bure: kila kijana alikuwa mwembamba, ana nywele mabegani na koti la jeshi. Tulikuwa na namba za nyumba zilizojitolea kulaza wageni, kwa hiyo tukaanza kuzipigia, na sikuuliza jina wala sura.

"Kwenu kuna kijana anakunywa maji kupita kiasi?"

Wengine walicheka. Mmoja aliniuliza nimevuta nini asubuhi hiyo, na kama imebaki nimpelekee. Tuliendelea mpaka tukafika Nyumba ya Zambarau, ambako simu ilipokelewa na jamaa aliyejiita Jua.

"Anayekunywa maji? Huyo ni Kimondo, ndugu yangu! Tangu juzi anasafisha mwili. Anatoa sumu yote."

"Anatapika?"

"Sana. Ni vizuri, inatoka. Sasa ametulia kabisa, yuko ndani ya nafsi yake. Hasemi."

"Mnampa nini?"

"Juisi ya zabibu na asali. Kwa upendo."

Mgongo wangu mbovu haukunizuia. Roslyn aliendesha gari lake la mizigo kama kichaa, na tulipofika nilipanda ngazi mbilimbili.

Walikuwa wamemlaza kwenye godoro katikati ya sebule, wamemfunika shuka safi. Msichana mmoja alikuwa anampaka maji midomoni, mwingine anamkanda miguu. Sijawahi kuona mgonjwa aliyepewa mahaba kama yale. Kijana alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima mbio. Niliinama. Ile harufu ilikuwepo, tofaa lililosahauliwa kabatini.

"Sindano zake ziko wapi?" nikauliza.

Jua alinitazama kwa huruma. Alikuwa na ndevu hadi kifuani na macho mapole. "Tumezitupa, mzee. Nyumba hii haina sindano. Mwaka jana heroini ilituulia rafiki, hapo hapo ulipopiga magoti. Kimondo tumemkuta nazo bafuni, tukakaa naye, tukalia naye. Akakubali aache."

"Hakuwaambia ni dawa ya kisukari?"

"Alisema." Jua alilamba midomo. "Wote wanasema ni dawa."

Roslyn alinitazama, kisha akaangalia pembeni. Matusi yaliyonijia yangemaliza asubuhi. "Shika miguu," nikamwambia Jua. Alishika, na njia nzima alikuwa analia na kumwomba kijana radhi, mpaka Roslyn akamfokea, "Nyamaza, Jua, naendesha!"

Hospitalini walimchukua mbio. Muuguzi alituambia kwamba tungechelewa hadi jioni tungekuja na maiti. Jua aliketi sakafuni kwenye korido na hakuondoka.

Kesho yake Dwight alikuwa ameketi kitandani, mweupe kama chaki lakini ana akili zake. Nilimwambia kwamba mama yake amepiga.

"Umemwambia niko wapi?"

"Bado. Hiyo ni juu yako. Lakini niambie kitu kimoja, mjinga wewe. Ulijua ni dawa. Kwa nini uliwaachia wazitupe?"

Aliangalia mikono yake. "Mama ndiye hunidunga, tangu nina miaka sita; huku nilijidunga kwa kubahatisha. Anapima kila tonge langu. Akilala, anaamka kunisikiliza kama napumua. Wale waliponiambia mwili wangu ni wangu na utajiponya wenyewe... nilitaka iwe kweli."

"Mwili ni wako. Kujiponya ndiyo uongo."

Muuguzi aliingia na sindano. Dwight akamwomba amwachie ajidunge mwenyewe. Mkono ulitetemeka, akakosea, akarudia, ikaingia. Jasho lilimtoka kama mtu aliyebeba friji.

"Mwambie mama nimejidunga mwenyewe," akasema. "Nilipo, usimwambie."

Nilirudi nikapiga Kansas. Bi Amsler alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Yuko hai. Leo anaongea. Mengine siruhusiwi."

"Yuko wapi?"

"Siruhusiwi, mama."

"Wewe bwana, una watoto?"

"Sina."

"Inaonekana."

Alikuwa na haki. Nilimwacha apumue, kisha nikasema, "Amenituma nikwambie leo amejidunga mwenyewe."

Nikasikia kiti kikiburutwa, kama anakaa.

"Mkono wake hutetemeka," akasema.

"Ulitetemeka. Aliweza."

"Amedunga paja?"

"Ndiyo."

"Paja gani? Maana la kushoto limechoka, lina vinundu, mwambie..." Akakatiza. Nilimsikia akivuta pumzi, ndefu. "Basi. Usimwambie kitu."

"Nisimwambie kitu kabisa?"

"Mwambie amefanya vizuri. Hivyo tu."

Nikavaa koti nikarudi hospitali. Jua alikuwa bado pale sakafuni. Mtu alikuwa amempa kahawa. Nikampa Dwight ujumbe wa mama yake.

"Mama anasema umefanya vizuri."

"Na nini tena?"

"Hivyo tu."

Alinikodolea macho. "Hajauliza paja gani?"

Sikupewa ruhusa ya kujibu hilo, lakini kudanganya sijui. "Ameuliza. Halafu akajizuia. Nimemsikia akijizuia."

Dwight alicheka, akafuta pua kwa shuka, akakaa akiangalia dirisha. Kisha akateremsha miguu sakafuni.

"Simu iko wapi hapa?"

"Kwenye korido," nikamwambia. "Vaa suruali kwanza."