Kalamu Kabla ya Kinywa

Mumewe alikuwa ameacha kuongea. Si kwa ugomvi, maana ugomvi angejua pa kuushika. Aliacha polepole, kama bomba linavyokauka: kwanza maji yanakosa nguvu, halafu yanadondoka, halafu unafungua na kusikia hewa tu.

Alikuwa mwoka mikate, na mtaa mzima ulimwita Unga kwa sababu ya nyusi zake, ambazo hazikuwahi kuwa nyeusi siku ya kazi. Mkewe alipiga pasi mashuka katika chumba cha dobi cha hospitali, na huko wenzake walimwita Pasi, jina ambalo alianza kwa kulikataa na akaishia kuliitikia. Unga aliingia kazini jua likizama na kutoka likikaribia kuchomoza. Pasi aliingia asubuhi na kutoka jioni. Ukiondoa Jumapili, ambayo Unga aliilala yote kama gogo, ndoa yao iliishi ndani ya nusu saa ya alfajiri, mmoja akivua viatu na mwingine akitafuta vyake. Zamani ile nusu saa ilijaa. Unga alisimulia ya tanurini mpaka chai ikapoa: nani alisinzia juu ya gunia, nani alisahau chumvi, tajiri alifoka nini. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajafika penye kichekesho. Sasa alikunywa chai akiangalia ukuta, akasema "haya," akaenda kulala.

Pasi alikuwa tumbo joto. Dada yake mkubwa aliachwa vivyo hivyo: mume alianza kunyamaza mvua zilipoanza, na zilipokatika akaondoka na godoro. Godoro Pasi asingelililia. Alimtaka Unga, na nyusi zake, na kile kicheko kinachotangulia. Hapo kazini alijikaza kisabuni mbele ya wenzake, lakini kuna mahali nyuma ya mashine kubwa ya kufulia ambapo kelele humeza kila kitu, na huko alipiga magoti juu ya sakafu iliyolowa akamlilia Mungu kwa sauti. Usimchukue, alisema. Nifundishe lolote, nitajifunza, ila usimchukue.

Ndipo akajiunga na darasa la mama mchungaji, darasa la wanawake la kujifunza ndoa kwa kuandika Neno. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kila siku fungu moja la Biblia: unalisoma, unalinakili kwa mkono wako neno kwa neno, unaomba kimya, unafunga daftari. Na sharti lilikuwa moja, kalamu kabla ya kinywa. Ukiamka usiseme na mtu mpaka umemaliza kuandika, ili sauti ya kwanza kuingia moyoni iwe ya Mungu.

"Hata mume?" mmoja aliuliza.

"Hasa mume," mama mchungaji alijibu. "Wengi wenu hapa mnaamka mdomo kwanza, macho baadaye."

Darasa lilicheka, na Pasi akacheka kuliko wote, kwa sababu alijijua. Mdomo wake ndio uliomwondoa mama mkwe nyumbani. Yule bibi alikuja kukaa nao mwaka uliopita, na siku ya pili tu akayatoa mashuka kabatini akayakunja upya kwa namna yake. Mashuka ya mtu anayekunjia hospitali nzima! Pasi alisema siku hiyo. Alisema mpaka jirani akapunguza redio apate kusikia vizuri. Na mwisho, bibi mwenyewe akiwa amesimama palepale, alimgeukia Unga: "Mama yako akirudi tena humu ndani, mimi natoka." Bibi alikusanya vitu vyake kimyakimya. Unga alimsindikiza, akarudi, akala, na jambo lile halikutajwa tena. Pasi alidhani limekwisha. Watu wenye mdomo hudhani hivyo. Wakishasema, wao roho zao nyeupe, na aliyeambiwa abaki na mzigo wake.

Basi alianza kuandika, na kama ilivyo kila alichoshika, alikishika kwa meno. Aliandika habari za mwanamume na mwanamke wa kwanza kule bustanini. Aliandika sifa za yule mke mwema anayeamka kungali giza, akaona haya kidogo, maana yeye huamshwa na saa. Aliandika nyaraka za mtume kuhusu waume na wake. Hakutaka kufutafuta. Mtu ambaye shuka likimtoka na mkunjo mmoja hulirudisha mezani, angewezaje kumpelekea Mungu ukurasa wenye mchirizi? Akikosea herufi, alichana karatasi akaanza upya. Hivyo ile nusu saa ilikwenda yote, na mara nyingine alitoka mbio bila chai, vidole vina wino, moyo umetulia kidogo. Kidogo tu.

Siku moja alfajiri, akiwa kwenye kitabu cha Ruthu, Unga aliingia na hakuvua viatu. Alisimama mlangoni mwa jikoni, kofia ya kazini mkononi.

"Bibie," alisema. "Nina neno."

Hakuwa amemwita bibie tangu lini! Moyo wa Pasi uliruka. Lakini alikuwa katikati ya mstari, na sharti ni sharti, na sharti lenyewe alilishika kwa ajili ya huyuhuyu. Aliinua kidole kimoja, bila kuinua macho. Subiri. Kwa haraka ile mkono ukateleza, herufi ikaharibika, akachana karatasi, akaanza tena. Alipofunga daftari na kugeuka, mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa na Unga anakoroma.

Alikwenda kazini karibu anaimba. Ameniita bibie! Neno limeanza kufanya kazi.

Kesho yake Unga alisimama tena palepale na viatu vyake miguuni. Hakusema kitu, alikohoa tu. Kidole kilipanda. Pasi alimwona kwa pembe ya jicho, ameegemea mwimo wa mlango, anamtazama akiandika, na machozi ya shukrani yakamlengalenga. Alidhani anapendwa. Alidhani mume anamtazama mke anayeomba na moyo unamrudi. Akaandika kwa mwandiko mzuri zaidi, Mungu amsamehe, kwa sababu alikuwa anatazamwa.

Siku ya tatu Unga alisema, "Hata dakika moja?" Kidole. Siku iliyofuata hakusimama tena mlangoni. Aliingia, akapita, akalala. Jioni alikuwa ameshatoka kabla Pasi hajafika, na kwenye kiwanda cha mikate simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Wala Pasi hakujaribu kupiga. Alijiambia jambo jema halina haraka.

Jumamosi baada ya kazi darasa lilikutana, na mama mchungaji akamtaka Pasi asome alichonakili, kwa kuwa daftari lake lilikuwa safi kuliko yote. Pasi alisimama. Alisoma kiapo cha Ruthu, kile cha kwamba hatamwacha, atamfuata aendako, atalala atakapolala, na kifo peke yake ndicho kitakachowatenganisha. Alisoma huku sauti inatetemeka, maana alikuwa amekiandika akimwona Unga mbele ya macho yake. Wanawake walisema amina. Wawili watatu walifuta macho.

Nyuma kabisa alikaa mkunga mmoja mstaafu, mama mzito wa umbo na wa maneno, ambaye alihudhuria, kwa kusema kwake, ili asikose vituko. Aliinua mkono.

"Mwanangu umesoma vizuri. Sasa nijibu. Hayo maneno Ruthu alikuwa anamwambia nani?"

"Mume wake," Pasi alisema.

"Mume wake alikuwa ameshakufa. Rudi juu kidogo usome."

Pasi alirudi juu. Alikuwa ameyaandika yote kwa mkono wake mwenyewe, jina la yule mama lilikuwa pale, limenyooka kwenye mstari, halina mchirizi. Naomi. Mama mkwe.

"Hicho kiapo mnachokipeleka kwenye harusi," mkunga aliendelea, akijipepea na kitabu cha nyimbo, "ni mkamwana anamwambia mama mkwe, njiani, kwenye vumbi, wote wawili hawana mbele wala nyuma. Nangoja harusi moja bibi harusi amgeukie mama mkwe wake aseme hivyo. Nitatoa zawadi kubwa siku hiyo."

Darasa zima likaangua kicheko, hata mama mchungaji. Pasi alijaribu kucheka akashindwa. Hakujua kwa nini, ila miguu ilimwambia aende nyumbani. Aliaga hana hata uso wa kuaga nao.

Nyumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa. Unga hajui kutandika, na shuka lilivutwa upande mmoja likaning'inia upande wa pili, lakini kimetandikwa. Kofia ya kazini ilikuwa juu ya meza ya jikoni, pale penye daftari siku zote. Viatu vyake havikuwepo. Pasi alifungua kabati. Mashati yalikuwepo nusu, na nusu yale mazuri hayapo.

Alitoka nje mbio, kichwa wazi, mpaka langoni kwa fundi viatu, ambaye kiti chake kinaona kila mguu unaoingia na kutoka.

"Umemwona?"

"Shemeji!" Fundi aliacha kushona. "Na wewe bado uko hapa? Mimi nilijua mmeongozana. Nimemtia soli asubuhi hii. Kaacha kazi, kaenda kumuuguza mama yake."

"Mama yake anaumwa?"

Fundi alimtazama kama mtu anayetafuta pa kujificha na hana. "Wiki kadhaa sasa. Upande mmoja umelala. Kila jioni mumeo anapita kwake kabla ya zamu. Alikuwa anataka kukuomba mumlete hapa kwenu, lakini yale ya mwaka jana..." Alimeza maneno, akaona amechelewa kuyameza. "Aliniambia anakufa nalo hilo neno, hajui pa kuanzia. Nikamwambia piga moyo konde umwambie mkeo, atakula mtu kwani? Akasema kila asubuhi akisimama kumwambia, anaoneshwa kidole."

Pasi alikaa chini, palepale, katikati ya viatu vya watu. Yale maneno ya mwaka jana yalimrudia yote, moja moja. Kumbe ule ukimya haukuwa wa mwanamke mwingine. Mwanamume wa watu alikuwa amebanwa katikati, huku mama yake, huku mke aliyeapa kutoka, na bado aliukusanya ujasiri wake asubuhi hadi asubuhi, akaja nao mpaka mlangoni na viatu vyake miguuni. Yeye alikuwa wapi? Alikuwa anajifunza ndoa.

"Shemeji, usilie hapa," fundi alisema kwa upole. "Nyumba ni ile ya nyuma ya kiwanda cha matofali, unaijua. Nenda."

Aliijua, ingawa hakuwahi kuikanyaga tangu siku ile. Alipanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, na njia nzima alikuwa anaongea peke yake mpaka dereva akadhani anaambiwa yeye. Alipanga kila neno. Ataanza na bibi, atapiga magoti, aseme nimekosa, mama, twende nyumbani, mashuka uyakunje utakavyo, uyakunje hata duara. Halafu atamgeukia Unga. Alikuwa na maneno ya kujaza nusu saa zote zilizopotea. Alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri.

Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kidogo, kina harufu ya dawa na vumbi la matofali. Unga alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, ubavu umeelekea mlangoni, ameshika kikombe na kijiko, anamnywesha mama yake uji tone kwa tone. Nyusi zake zilikuwa nyeusi.

"Baba," Pasi alianza, huku anahema, "baba, naomba unisikilize, nime..."

Bila kugeuka, Unga aliinua kidole kimoja.

Hakukiinua kwa hasira. Mdomo wa bibi ulikuwa umejaa, na usingeweza kuharakishwa. Lakini Pasi alikiona kile kidole na maneno yote yakamkauka. Alisimama mlangoni, ameegemea mwimo, viatu miguuni. Alisubiri. Uji ulishuka, mwingine ukamwagika kidevuni, Unga akapangusa, akaanza tena. Pasi alijua sasa dakika inavyokuwa ndefu ukiwa upande huu wa mlango.

Kikombe kilipoisha Unga alikiweka chini. Alitazama mikono yake.

"Alikuwa anakuulizia," alisema mwisho. "Kila siku. Alikuwa na neno na wewe, akasema hataki nilipeleke mimi, analitaka aliseme mwenyewe, uso kwa uso. Nilitaka uje ulisikie."

"Nimekuja. Nimekuja, Unga. Nitalisikia."

"Mpaka jana asubuhi alikuwa anaongea," Unga alisema. "Usiku akafunga kauli."

Alisimama, akampisha kwenye kigoda, akatoka nje na kikombe chake. Hakusema kama atarudi nyumbani wala kama hatarudi, na Pasi hakuwa na uso wa kumuuliza. Alimsikia uani akifungua bomba.

Alikaa. Kigoda kilikuwa bado na joto. Bibi alifungua jicho moja, lile linaloweza, na akamtambua. Pasi aliona anatambuliwa. Mkono mzima ulitoka chini ya shuka ukamshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hakuitegemea. Midomo ilianza kuhangaika. Ilikunjana, ikafunguka, ikatoa pumzi, na neno halikuja. Bibi alifumba macho, akakusanya nguvu, akajaribu tena.

"Sema, mama," Pasi alisema, ameinamisha sikio mpaka likagusa ile midomo. "Niko hapa. Sina haraka. Sema."