Kreni Iliyokataa Kushusha Mguu

Mjinga wa usiku wa jana nilikuwa mimi, tena nimevaa kofia ya fomeni. Niliota kazi ya leo imeanza kabla ya leo: tunapandisha tangi la chuma juu ya ghorofa ya nne. Shemeji yangu Hamduni, mpiga ishara, yuko kando ya kreni. Miguu mitatu ya kreni, ile ya kuizuia isipinduke, imeshakanyaga mbao zake. Wa nne unaning'inia.

"Shusha mguu, mama," naiambia.

"Chini kuna nini?" inauliza kreni.

"Kifusi. Nimekishindilia mwenyewe."

"Ulikishindilia, au ulikipigapiga koleo ili watu wakuone?"

Fomeni hajibizani na mashine mbele ya vibarua. Nikaligeukia tangi, maana sheria inataka mzigo utaje uzito wake.

"Mimi mwepesi," likasema, likiona haya.

Mara tuko kliniki ya watoto. Nesi analivisha tangi kaptula ya kupimia, analitundika kwenye mzani. Mzani unaguna.

"Huyu kajaa maji nusu nzima. Baba, hukumchungulia?"

"Kwa nje alionekana mtupu, nesi."

"Hata wewe kwa nje unaonekana mtu mzima."

Tangi likaangua kilio. Maji yakamwagika, kina mama wakapandisha kanga zao, na mafuriko yakaturudisha sote saiti, kwenye ujenzi. Sasa tangi ni jepesi kweli! Nina furaha ya kuruka.

"Juu! Juu! Twende!"

"Chini ya mzigo hasimami mtu," inaonya kreni.

Vibarua wote wanatii: wanakaa. Hamduni naye anakaa, kakunja nne, palepale chini ya mguu unaoning'inia.

"Shusha, tumechelewa!" nafoka.

"Kanyaga wewe kwanza. Si ndiwe uliyesema umekishindilia?"

Nakanyaga. Kifusi kinaachama. Kumbe nyumba ya zamani iliyokuwa hapo ilibomolewa, lakini karo la choo chake, lile shimo la majitaka, halikuondoka. Lilifukiwa juu juu tu. Nazama hadi kifuani. Nikitazama juu, naona Hamduni anateleza kunifuata, na kreni nzima inainama nyuma yake.

"Hamduni, toka!"

Nikaamka kwa kelele zangu mwenyewe. Mke wangu Mwanaidi, dada yake Hamduni, amekaa kitandani, kaziba pua kwa ncha ya kanga.

"Baba Zulfa, mbona unanuka karo?"

Nikamsimulia yote, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mguu huo usishuke hapo mpaka pachimbwe," akasema.

"Kwa ndoto? Kreni inakuja asubuhi hii, mke wangu. Mguu utashuka palepale, na Hamduni atasimama mahali pake."

Akanirushia taulo.

"Hamduni namwambia abaki kwake. Pale mguuni kasimame wewe, harufu umeshaizoea."