Sema Kitu Ukishameza

Kliniki yetu ya walionaswa na heroini ilikuwa na milango miwili. Wa kulazwa kwenye nyumba ya matibabu walikuwa vijana, wameburutwa na mama zao, begi mkononi, wamenuna. Wa mlango wa pili, kwenye dirisha langu la dawa, walikuja wenyewe, watu wazima wenye kazi zao, waliokwishajaribu kuacha mpaka wakachoka. Kila asubuhi niliwapa methadoni, dawa ya kushika nafasi ya heroini, wainywe mbele yangu, kisha waseme kitu. Nilikuwa nesi mkali. Sikutaka mtu afiche dawa mdomoni akaiuze nje.

Mmoja wao, fundi cherehani, alinisimulia kila siku nguo atakazoshona.

"Leo sare za shule, dada."

"Acha porojo, foleni ndefu."

Sasa nimestaafu, na asubuhi zangu hazina wa kunipigia porojo. Juzi nilimpelekea fundi gauni alipunguze. Palepale nikakumbuka kidonge changu cha presha, nikaomba maji, nikameza. Akasimamisha cherehani, akanikazia macho kama nilivyokuwa nikimkazia.

"Sema kitu, dada."

Nikaanza kumweleza habari za gauni harakaharaka, kama mwenye watu nyuma yake.

"Polepole tu," akasema. "Hapa hakuna foleni."