Jiwe la Mizani Mgongoni mwa Koki

Koki mke wa Kilonzo alitoka nyumbani kwake Mbotela asubuhi hiyo akiwa na mimba ya miezi saba tumboni na jiwe la mizani la kilo mbili mgongoni, chini ya gauni. Usicheke. Lilikuwa jiwe la chuma, mali ya mumewe, lile alilopimia viazi na maharagwe kibandani kwake, na Koki alikuwa amelifunga kwa leso likabana hadi akatembea wima kama askari wa gwaride. Alikuwa anakwenda kliniki kupimwa uzito, na alikuwa amekata shauri kwamba leo mizani ya Sista Lydiah itasema anavyotaka yeye.

Kisa na maana ni kwamba Kezia, binti yake wa kwanza, alizaliwa kwa kupasuliwa. Koki alikaa hospitalini akiinuliwa kitandani kama mgonjwa wa miaka, na hata sasa, Kezia akiwa anakimbia na wenzake nje, kisu kile bado alikiota. Alikiogopa kuliko kifo. Mimba ya pili ilipoingia, jirani yake Mama Gachanja, mama wa makamo aliyeuza sukumawiki mlangoni na aliyezaa saba bila kuguswa na wembe, akamwita kando akamweleza bila kumung'unya maneno.

"Mama Kezia, ile mara ya kwanza ulikula. Nilikuona na mayai mimi. Mtoto akanenepa, akakosa njia. Safari hii ujinyime. Zaa mdogo, mkuze nje."

Koki akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Mayai akayaacha, ndizi mbivu akaziacha, ugali akaumega mara mbili tatu na kusukuma sahani. Na njaa ya mjamzito si mchezo, jamani. Ilimwamsha, ikamzungusha jikoni, ikamliza aliposikia kitunguu kinakaangwa kwa jirani. Alijionea haya, akajiita mlafi, akanywa maji, akakaza leso. Kilonzo alipomuuliza mbona hali chakula, akasingizia kiungulia.

Tatizo lilikuwa kliniki. Ziara iliyopita Sista Lydiah alimshusha kwenye mizani akatikisa kichwa. "Uzito wako hausongi, mama. Hata tumbo ni dogo kuliko miezi yake. Ukirudi hivi tena nitakulaza wodini, ulishwe huku tukikutazama." Sista alisema mengi mengine, lakini Koki alisikia wodi tu, na kwa akili yake wodini ndiko visu vinakokaa. Alirudi nyumbani akiwa amekata tamaa kabisa, mpaka alipokumbuka kwamba ameolewa na mtu wa mizani.

Mpango wake ulikuwa mzuri, tumpe haki yake. Apande, apimwe, kisha akimbilie chooni, alitie jiwe kikapuni, ndipo arudi kupapaswa tumbo. Alipanda. Sista akasogeza chuma cha mizani, akakunja uso, akakisogeza tena.

"Shuka. Keti hapa hapa."

"Sista, naomba kwanza niende choo..."

"Choo kitangoja." Sista akambonyeza vifundo vya miguu kwa kidole gumba, akamtazama uso kwa karibu, akamfunga mkanda wa kupima presha. Akamuuliza kama kichwa kinamgonga, kama macho yanaona vimulimuli. Koki akajibu hapana, hapana, na jiwe nalo linamchoma mgongoni.

"Siipendi hii," Sista akasema. "Juzi hukuongeza hata robo, leo umeruka kilo mbili. Mama akiongeza polepole, huyo ni mtoto anakua. Akiruka ghafla, mara nyingi ni maji, na maji hayo hufuatana na presha inayoua mama na mtoto. Presha yako iko sawa, lakini sitangoja ipande. Nakutuma hospitali kubwa sasa hivi. Daktari akiona hatari, atakupasua leo leo."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kile kisu alichokikimbia Koki miezi saba, kwa njaa na kwa uongo, ndicho alichokuwa amejiletea mwenyewe amekifunga kwa leso.

"Sista," akasema kwa sauti ndogo, "toa kilo mbili."

"Kilo zipi?"

Koki akasimama, akapeleka mikono nyuma, akahangaika na fundo, akaliweka jiwe mezani. Likalia ngo. Mmoja wa wanawake waliokuwa kwenye benchi mlangoni akaangua kicheko, na benchi zima likamfuata. Sista Lydiah hakucheka. Aliliinua jiwe, akaligeuza, akaenda akafunga mlango.

Alimfokea, na alikuwa na haki. "Ningekutuma ukapasuliwe kwa sababu ya jiwe la viazi?" Koki akalia, akamwaga yote, mayai, Mama Gachanja, kisu. Sista akamwacha amalize, akavuta kiti.

"Huyo wa kwanza, daktari alisema kwa nini alikupasua?"

Koki akafuta pua. "Alisema mtoto amelala kingamo, si kichwa chini."

"Alikuwa mkubwa?"

"La. Kilo mbili na nusu."

Jibu lilimtoka, na ndipo mwenyewe akalisikia. Siku zote alilijua. Alilijua, lakini maneno ya majirani yalikuwa yamelifunika.

"Sasa niambie," Sista akasema, "ni yai lililomlaza kingamo?"

Koki alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Na hiyo njaa unayoionea haya si ulafi. Mimba yenyewe inatoa homoni, mama. Ni kama ujumbe unaopita kwenye damu. Zile za kondo la nyuma zinauambia mwili wako usitumie sukari yote, mwachie mtoto, na wewe utafute nyingine. Ukijinyima, atachukua kidogo ulicho nacho, kisimtoshe, azaliwe hana hata mafuta ya kumpa joto. Mtoto mdogo mno ni mwepesi kuzaliwa, ndiyo. Na ni mwepesi kufa." Akamrudishia jiwe lake. "Siwezi kukuahidi kwamba kisu hakitakuja. Lakini mlishe, nikukabidhi mtoto mwenye nguvu."

Basi Koki akala. Alikula kana kwamba ametoka kifungoni. Kilonzo, aliyekuwa ameshaanza kuhofia kwamba mkewe amemchoka, alifurahi mpaka akapitiliza, akaleta mayai, maini, avokado, maziwa, na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya kwao Machakos, yaliyopikwa na maharagwe. Koki alimaliza akaomba nyongeza bila haya. Mtoto naye akachangamka, akapiga mateke hadi gauni likarukaruka. Kliniki walimpachika jina la Mama Jiwe, na kila mizani ilipopanda, benchi lilimpigia makofi. Koki alikuwa na furaha ambayo hakuijua katika mimba ya kwanza. Mama Gachanja alimtazama akitafuna, akasonya. "Utanikumbuka," akasema.

Na alimkumbuka kweli, uchungu ulipoanza. Kule kwenye chumba cha kuzalia kila yai alilokula lilimrudia akilini, akajiona mjinga aliyeuza usalama wake kwa sahani ya maini. Alimshika mkunga mkono, akamwuliza kama mtoto ni mkubwa mno, kama wanaandaa kisu. Mkunga akampapasa. "Kichwa kiko chini mahali pake," akasema. "Acha kuuliza, sukuma." Koki akasukuma kwa nguvu zote alizokula, na mtoto wa kiume akatoka akipiga kelele kabla hata hajafutwa. Kilo tatu na robo. Koki alijishika tumbo, akaliona zima, akacheka mpaka mkunga naye akacheka.

Kilonzo hakuuza kitu siku hiyo. Kila mteja aliyeuliza bei ya viazi alijibiwa kilo tatu na robo.

Koki aliporudi nyumbani, chumba kilijaa wanawake, vigelegele na vicheko. Mama Gachanja aliingia wa mwisho na uji wa wimbi. Akampa Koki kikombe, akamchukua mtoto, akamnyanyua kidogo juu, chini, kama mtu anayekisia fungu la mboga. Wenzake walipokwenda nje kumimina chai, yeye alibaki amesimama.

"Ni mzito," akasema. "Mama Kezia, mimi nilizaa saba. Wewe unawajua watano."

Koki akashusha kikombe.

"Wale wawili walitoka upesi, hata uchungu sikuuona vizuri. Mmoja alilala kwenye kiganja changu hiki. Nilijinyima kwa ajili yao, nikijua ninawafanyia wema. Walipokufa nikasema ni Mungu."

Koki alitaka kumwambia ndiyo, ni Mungu, lakini akauacha uongo huo. Alisogea akampisha kitandani. Mama Gachanja akakaa, amemkumbatia mtoto, macho yakiwa dirishani. Mtoto akaanza kulia akitaka ziwa, kilio kinene cha mwenye nguvu zake. Mama Gachanja akamsikiliza kwa muda, kisha akamrudisha kwa mama yake taratibu.

"Mpe ashibe," akasema. "Nawe umalize huo uji."