Gari la Kazi, Gari la Raha na Sentimita Ishirini na Tatu

Shemeji yangu alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda wote huo hakuna muuza nyanya aliyemwona anakuja akabaki na rangi yake ya kawaida. Alikuwa na mkoba wa ngozi wenye mawe ya kupimia, anayafuta kwa kitambaa laini kama anayemfuta mtoto pua. Mzani ukipungua kwa uzito wa bawa la nzi, anaandika. Siku moja, na hili nililiona kwa macho yangu, alimwandikia kosa mama ambaye mzani wake ulikuwa unamzidishia mnunuzi, yaani unampunja mama mwenyewe. Akamwambia ashukuru kwamba serikali inamlinda dhidi yake.

Mtu wa namna hiyo akastaafu. Gari la ofisi akalirudisha, ufunguo akaukabidhi kwa hati tatu zenye mihuri, akarudi nyumbani kwa miguu. Kufika, akakuta banda lake la gari lina mwenyewe.

Mwenyewe ni dada yangu, mke wake. Miaka kumi na mmoja nyuma ofisi ilitoa amri kwamba magari yalale ofisini, banda likabaki tupu, dada akaingiza cherehani. Cherehani ikaita ya pili. Zikaita meza ya kukatia, ndefu kama kitanda cha jitu, na kioo cha mtu mzima kujiona hadi kisigino. Sasa anashonea wauguzi wa hospitali tatu na watoto wa shule sijui ngapi, na mlango ule wa banda unajulikana kuliko mlango wa mbele wa nyumba. Mumewe alikuwa anapita pale kila asubuhi na hakuwahi kuuliza nani anavaa nini. Alikuwa na mizani ya watu wengine ya kuangalia.

Alikaa wiki mbili kimya. Wiki ya tatu akanunua daftari na kuniita.

Niseme kwamba mimi nilikuwa dereva wa greda. Nimepitisha greda mahali ambapo mbuzi walikuwa wanapita kiubavubavu, na anayebisha akawaulize mbuzi. Kwa hiyo shemeji aliniona mtaalamu. Alinieleza kwamba kwa daktari wa meno, akisubiri zamu, alisoma gazeti moja lililosema mtu aliyekamilika hawi na gari moja. Anakuwa na magari mawili yanayokwenda pamoja: moja la kila siku, moja la raha. Alilichana lile karatasi na kuondoka nalo. Miaka thelathini na mmoja bila doa, halafu akaenda kumwibia daktari wa meno gazeti.

Daftari lilikuwa na safu mbili, na kila safu alama kumi. Chini ya "kila siku" alikuwa ameandika safari zake zote: kununua gazeti, dakika nane kwa miguu, kliniki ya shinikizo la damu, mara moja kwa mwezi, kinyozi, ambaye ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Chini ya "raha" palikuwa peupe. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, raha ni nini hasa. Nikamsimulia siku greda langu lilipokatika breki kwenye mteremko, tukashuka nalo mimi na msimamizi na kuku mmoja ambaye hadi leo hatujui aliingiaje, na tulipofika chini kuku alikuwa ametaga mara mbili. Akasikiliza mpaka mwisho, akaandika "mteremko", akaupa alama nne.

Tukaenda kwa dalali wa magari anayeitwa Tabasamu, kwa sababu meno yake hufika kabla yake. Kila gari la Tabasamu lilikuwa la daktari aliyekuwa analiendesha hadi hospitali na kurudi, basi. Kwa hesabu ya uwanja ule, madaktari walikuwa wengi kuliko wagonjwa.

Jozi ya kwanza ilikuwa pikapu na kigari kisicho na paa. Pikapu ilipata nane kwa kazi, ingawa shemeji hakuwa na kitu cha kubeba. Kigari tulikijaribu barabara ya nyuma. Shemeji ni mrefu, kichwa chake kilipita juu ya kioo cha mbele kama cha twiga kwenye lori, na tulipofika mwendo wa maana akameza mdudu. Akasimamisha gari, akatoa daftari, akapunguza alama mbili kwa ajili ya mdudu. Tabasamu akashauri achukue gari moja kubwa la kupandia milima, linafanya yote. Shemeji alimtazama kama anavyotazama jiwe la mzani lililotobolewa. Gari moja halina mwenzake, alisema, na kisicho na mwenzake hakipimiki.

Siku ya nne jozi ikapatikana. La kazi ni gari la kijivu la milango mitano, halina kosa wala sifa, ukiliacha sokoni utalitafuta hadi machweo. La raha ni jekundu, la milango miwili mirefu kama mbao za kitanda, limelala chini kiasi kwamba ukikaa ndani unawafahamu watu kwa viatu vyao. Shemeji aliingia humo kwa awamu tatu: kwanza makalio, kisha sala, kisha miguu. Jumla, alama kumi na saba na nusu kati ya ishirini. Sijawahi kumwona anatabasamu namna ile. Hata Tabasamu alifunga mdomo.

Sasa yatalala wapi.

Dada alikuwa anatia vifungo kwenye gauni la muuguzi alipoambiwa. Hakuinua kichwa.

"Na mimi nishonee wapi?"

"Barazani. Pana hewa."

"Mvua ikinyesha?"

"Utasogea."

Akakata uzi kwa meno. Baraza lile linatosha viti viwili na paka. Hakuna meza ya kukatia itakayokaa pale, na bila meza hakuna sare, na bila sare dada anarudi kuwa mama wa nyumbani wa mkaguzi, kazi aliyowahi kuifanya miaka kumi na mitano na hakuisifia hata siku moja. Aliyajua hayo yote, nami niliyajua. Shemeji alijua tu kwamba banda lina upana wa mita nne na sentimita ishirini.

Kwa haki yake, hakutumia ubabe. Alisema yeye ni mtu wa vipimo na vipimo vitaamua. Magari yote mawili yakikaa ndani vizuri, meza inatoka. Yasipokaa, meza inabaki na hataligusa jambo hilo tena maisha yake yote. Akatoa futi ya chuma. La kazi upana mita moja na sabini. La raha, vioo vya pembeni vikiwa vimekunjwa, mita moja na themanini. Jumla mita tatu na nusu, zinabaki sentimita sabini. Akazitaja hizo sabini kana kwamba ni shamba.

Mimi ningezisukuma zote sabini upande mmoja, mtu apate pa kupita. Hata greda unalipa nafasi upande wa mlango. Lakini mkaguzi hapendi upande mmoja uzidi. Sabini alizigawa mara tatu: ukutani kushoto, katikati, ukutani kulia, kila mahali sentimita ishirini na tatu na kitu. Hicho kitu kilimsumbua hadi chakula cha mchana. Akaondoa meza na cherehani, akapiga magoti hadi jioni na kopo la rangi nyeupe, akachora mistari sakafuni iliyonyooka kama maandishi ya mahakama. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikafungua mdomo, kisha nikakumbuka kwamba yule mama wa mzani uliozidisha naye alikuwa dada wa mtu. Nikaufunga.

Dada alikuja na chai, akaitazama ile mistari. Akainama, akaweka mkono wazi kati ya mstari na ukuta kama anayepima kola. Kidole gumba kikagusa mstari, kidole kidogo kikagusa ukuta. Akamtazama mumewe, hasa pale katikati ya mwili wake ambapo kustaafu kulishaanza kuonekana. Akanywa chai yeye mwenyewe.

"Yaandike, Bwana Mkaguzi," akasema. "Mimi maneno ya mdomo huwa nayasahau."

Shemeji akafurahi. Kuandika ndiyo ilikuwa raha yake halisi, angeipa alama kumi angejua. Kifungu cha kwanza: magari yote mawili yaingie ndani ya mistari. Cha pili: mlango wa banda ufungwe nyuma yake. Dada akaomba cha tatu, kidogo tu: mwenye magari, akishayapanga, atoke kupitia mlango wa gari na kuja nje kwa miguu yake, bila kusogeza gari lolote. Shemeji akacheka, akauliza kama anadhani atalala humo. Akaandika. Nikatia saini ya shahidi.

Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, meza, kioo na cherehani vilikuwa uani juani. Shemeji akaingiza la kijivu kwanza, akashuka bila shida kwa sababu upande wa pili ulikuwa bado wazi. Akapanda jekundu, makalio, sala, miguu, akaliingiza kidogo kidogo. Lilikaa kati ya mistari kama barua kwenye bahasha. Nilimpigia makofi, na sikuwa na unafiki. Dereva ni dereva.

Akazima injini. Akafungua mlango. Mlango ukaenda sentimita ishirini na tatu, ukagonga ukuta, ukakaa hapo.

Kikatoka kiatu. Kikatoka mguu hadi gotini. Hapo tumbo likakataa kama ng'ombe mlangoni mwa josho. Akarudisha mguu, akajaribu kutanguliza bega. Akajaribu mlango wa kushoto, ambao ulikutana na gari la kijivu na kulipiga busu la rangi. Halafu sauti yake ikatoka humo ndani, ya kiofisi.

"Shemeji, mguu umetoka. Umeuona?"

"Nimeuona, shemeji. Mguu mzuri."

"Shahidi aandike hivyo."

"Na mwenyewe je?" akauliza dada.

Angeweza kuwasha gari na kurudi nyuma, dakika moja, akawa huru kama mimi na wewe. Lakini kurudi nyuma ni kusogeza gari, na kusogeza gari ni kushindwa, na hati ilikuwa kwa mwandiko wake. Akakaa. Nusu saa, saa nzima. Alitumia futi ya chuma kupima tumbo lake, nilimwona kwenye kioo cha ndani. Alilipima mara mbili, ya pili akiwa ameshikilia pumzi. Dada akachukua rula yake ndefu ya kukatia, akabana ile hati kwenye ncha kwa pini, akaipitisha katikati ya magari hadi dirishani, ili asichoke kukumbuka kifungu cha tatu.

Saa nne na nusu akaja muuguzi kujaribu gauni lake. Akakuta meza uani na kichwa cha mtu kwenye gari. Akauliza kuna nini. Dada akasema ni mkaguzi, anakagua. Muuguzi, mtu wa kazi yake, akauliza kama mzee amekunywa dawa ya shinikizo asubuhi.

"Amekunywa saa mbili."

"Vile vidonge vyeupe, vya kupunguza maji mwilini?"

"Hivyo hivyo."

Muuguzi akageuka mbele ya kioo, akavuta gauni kiunoni, akaona limemkaa vizuri. "Basi hakai sana," akasema.

Hakukaa sana. Dakika ishirini baadaye injini ilinguruma, na ninaapa kwamba hata jekundu lile, lililotengenezwa kwa ajili ya mbio, halijawahi kukimbia namna ile kwenda mbele. Lilitoka kinyumenyume, likaukosa upindo wa gauni la muuguzi kwa unywele, likasimama katikati ya ua mlango wazi, injini ikiwaka, dereva hayupo. Tulisikia mlango wa choo ukifungwa.

Dada hakucheka. Aliingia bandani akalirudisha la kijivu nje mwenyewe, kumbe anajua, kisha akaniambia nishike upande wa pili wa meza. Shemeji alipotoka, mikono bado ina maji, meza ilikuwa mahali pake na cherehani inalia. Mistari myeupe ilipita chini ya meza, imenyooka vizuri sana. Dada sasa anaitumia kunyooshea vitambaa.

La kijivu dada analipelekea sare hospitalini, na ameligundulia mwendo ambao shemeji hakuujua. Jekundu linalala nje. Jua lilipoanza kulibabua rangi, shemeji alikuja bandani kuomba ashonewe turubai la kulifunika. Akaambiwa akae kwenye benchi, yuko nyuma ya wauguzi wanne. Alikaa. Zamu yake ilipofika, dada akatoka na futi yake ya kitambaa, akalizunguka gari, akaandika vipimo kwenye kiganja cha mkono, akaongeza kila upande.

Shemeji, aliyekuwa amemfuata na daftari, akaona namba hazilingani na zake. Akauliza hizo sentimita za ziada ni za nini.

"Za kuingia na kutoka," dada akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Akaandika.